Simu za Mama Pindo

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Pindo lililopita mkononi mwake halifumuki, ndiyo maana mtaani wanamwita Mama Pindo. Cherehani yake iko sebuleni, karibu na dirisha. Simu hukaa juu ya meza ya kukatia, kati ya mkasi na pasi, na haizimwi.

Wauza bima na wachuuzi wenzao wameijua namba hiyo. Asubuhi bima ya maisha, mchana viwanja, jioni king'amuzi. Mimi ninayemshonea vifungo nilishawachoka.

"Shangazi, namba usizozijua achana nazo. Watu hawa hawana haya hata chembe."

"Na mwanangu akipiga?"

Mwanawe wa pekee alikataa ufundi, wakarushiana maneno, akaondoka nyumbani. Hana simu. Huazima za watu, kwa nadra sana, na kila mara namba ni ngeni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, basi nikarudi kwenye vifungo vyangu.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, sare zilijaa mpaka kitandani. Wateja wamesimama mlangoni, na wauza bima nao hawakutupa nafasi ya kupumua. Simu ikaita tena. Shangazi akapokea huku ana pini mdomoni, akakisikia kimya kile chao, cha mtu anayetafuta jina lako kwenye kompyuta. Akazitema pini.

"Jamani, sitaki! Usinipigie tena maisha yako yote!"

Nilicheka. Ndipo nikauona uso wake.

"Amesema, 'Haya, mama,'" akaniambia. "Amekata."

Aliipiga namba ile pale pale. Akapokea mwenye duka. Alisema kijana aliyeazima simu yake ameshaondoka, na hajui kaelekea wapi. Shangazi akamsihi, akimwona tena amwambie arudi nyumbani.

"Nitamwambia, mama," alijibu yule bwana, lakini alivyosema tu ulijua hatarajii kumwona.

Sare zote ziliisha kwa wakati. Shangazi alizishona akilia, nami nikitia vifungo.

Siku hizi simu ikiita haulizi ni nani. Husema kwanza, "Mwanangu, rudi nyumbani." Wauza bima hukwama kidogo, kisha huendelea na bima yao. Yeye huwasikiliza mpaka mwisho, na hakati. Hungoja wakate wao.