Betri Mbili za Gari la Zahanati

Miaka ilikuja na kupita, masika kwa kiangazi, na dereva wa zahanati akazeeka pamoja na gari lake kubwa linalovuta kwa magurudumu yote manne. Lilikuwa na betri mbili. Alizibadilisha kwa pamoja, za aina moja, na kila juma akasugua vichwa vyake visiote ukungu mweupe.

Alipougua mwezi mzima, betri moja ikafa. Shemeji yake, mtunza stoo, akatia mpya moja tu na kuiacha ile kongwe. Dereva aliporejea kazini, ndani ya gari mlikuwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Akawasha, gari likakohoa, likanyamaza.

"Shemeji! Umemfunga ndama nira moja na ng'ombe kikongwe?"

"Ile kuukuu bado iliwasha taa, bwana. Nikajua mpya itaibeba."

"Itaibeba? Mpya imenyonywa na hiyo kongwe mpaka imebaki ganda! Tunapeleka taa hospitali, au huyu anayelia?"

Dereva akawaita majirani, wakalisukuma gari hadi mteremkoni. Akatia gia, injini ikaunguruma. Mtoto akazaliwa salama hospitalini, lakini hasira ya dereva haikupoa, wala haikustahili kupoa: uhai wa mja haufanyiwi kazi ya nusunusu.

Mola amzidishie afya dereva yule, amhifadhie mke na wanawe, na shemeji naye amjaalie kuona mbali.