Kisu Changu cha Kukunja na Uzi wa Njano

Kwanza nisamehewe. Maneno mengine nimeyaandika jinsi ninavyoyasikia, na atakayeyakuta yamekosewa ayarekebishe kwa moyo mzuri. Mwandiko nao ni mbaya. Ninaandika kwa mkono wa kushoto, na mkono huo hupita juu ya wino kabla haujakauka, kwa hivyo kila mstari una mkia wa buluu. Shuleni mwalimu alijaribu kunihamisha mkono mpaka darasa la tano, kisha akachoka. Nilimaliza darasa la nane, na masomo yangu yakaishia hapo. Ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima. Lakini hii habari ya kisu lazima niiandike, maana kila nikiikumbuka nacheka peke yangu, na watu wa nyumbani wameanza kuniangalia vibaya.

Nafanya kazi kwenye kitalu cha miche hapa Ruiru. Tunauza miembe na miparachichi ya kupandikizwa. Kama hujawahi kuona, ni hivi: unachukua mche ulioota kutoka kwenye mbegu, unaukata kichwa, unapasua shina kidogo, halafu unachomeka kijiti cha mti unaojulikana kwa matunda mazuri. Kijiti hicho umekichonga pande mbili kama kabari. Unafunga kwa ukanda wa nailoni na kungoja. Vikishikana, mche utazaa matunda ya ule mti mwingine. Vijiti vya miembe tunaletewa kutoka Ngoliba, vimeviringishwa kwa gazeti lililoloweshwa.

Kazi yote iko kwenye mkato. Lazima uwe bapa kabisa. Ukiwa na bonde hata dogo, hewa inakaa ndani na kijiti kinakauka.

Kwetu kila anayepandikiza ana uzi wake, uzi wa kufumia sweta, anaoufunga kwenye kila mche alioufanya. Mama mwenye kitalu ana uzi wa kijani. Fundi, mwanamume mmoja mcheshi kutoka upande wa ziwa, ana wa buluu. Dada anayekaa karibu naye mezani, ambaye mdomo wake ni mkali kuliko kisu chochote, ana mwekundu. Ukipita katikati ya miche unaona ya nani imeshika na ya nani imekauka, na hakuna mahali pa kujificha.

Mimi sikuwa na uzi. Kwa miaka miwili nilikuwa najaza udongo kwenye vikaratasi vyeusi vya kuoteshea. Mara kadhaa nilijaribu kuchonga kwa kisu cha kuazima, na kila mara kijiti kilitoka na bonde kama kijiko.

"Wewe mikono yako ni ya sepetu," Mama aliniambia siku moja. Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana iliniuma.

Lakini rangi nilikuwa nimeshachagua. Njano. Nilikuwa na kipande chake mfukoni, nimekikata kwenye sweta kuukuu, na sikumwambia mtu.

Mwishowe nilijikaza nikamwambia Mama kwamba labda shida ni hivi visu vya kuazima. Nilisema nikiangalia ndoo. Akaniangalia mikono, akasema, "Haya. Nunua chako. Ukitengeneze makali vile inatakiwa. Nitakupa miche kumi. Ikishika saba, unakaa mezani na unapewa uzi. Isiposhika, usinisumbue tena na maneno ya kisu. Udongo uko mwingi."

Jumamosi nikaenda Thika. Kuna muuzaji wa vifaa anayetandaza vitu vyake karibu na soko: makufuli, tepu za kupimia, misumari, na visu vya kukunja vimepangwa kama samaki. Nilikiona changu mara moja. Mpini wa mbao ya kahawia, riveti tatu za shaba, ulimi mwembamba wa chuma.

"Hicho ni original," muuzaji akasema.

"Original ya wapi?" nikauliza, na kwangu hiyo ilikuwa hotuba.

"Original tu."

Nikakinunua.

Kisu kipya cha kukunja ni kigumu kufungua. Kucha yangu ya kidole gumba ilipasuka siku hiyo hiyo. Nilikitia mafuta ya kupikia kwenye bawaba, nikawa nakifungua na kukifunga, nakifungua na kukifunga, mpaka mama yangu mzazi akasema nikisikika tena atanikunja mimi. Kikalainika. Kilipofunguka kilitoa mlio mtamu, kla! Niliupenda mlio ule kupita kiasi. Kesho yake kanisani, wakati wa maombi ya kimya, mkono ukiwa mfukoni, nilitaka tu kukishika. Sijui ilikuwaje. Kla! Kanisa zima likasikia. Mzee wa kanisa akafungua jicho moja. Mimi nikafumba yangu yote mawili na kuomba kwa bidii ambayo sijawahi kuwa nayo.

Jumatatu nikakiweka mezani, na kazi ikasimama.

Fundi alikichukua kwanza. Alipiga ulimi wa kisu kwa kucha na kuweka sikio karibu. "Yawa! Sikia. Hii inalia ting. Chuma kizuri hulia ting."

"Hata kifuniko cha sufuria hulia ting," Dada akasema. "Leta hapa." Alijaribu kunyoa nywele za mkono wake. Hazikunyoleka. "Ona sasa. Hiki ni cha kupaka siagi."

"Bado hakijanolewa, dada yangu. Hata wewe asubuhi kabla ya chai hukati kitu."

"Mimi nakata hata nikiwa nimelala."

"Riveti ni tatu," nikasema kwa sauti ndogo. Nilitaka angalau riveti zionekane.

"Ati?"

"Riveti. Ni tatu. Zenu ni mbili."

Walicheka mpaka mteja mmoja aliyekuja kutafuta mipapai akaanza kucheka nao bila kujua kwa nini. Mama alikinusa, sijui alikuwa anatafuta harufu gani, akanirudishia. "Tutajua kikinolewa," akasema.

Kisu cha dukani huja kimenolewa pande zote mbili. Cha kupandikiza kinatakiwa kiwe na makali upande mmoja tu, na upande wa pili ubaki bapa, ndio unaolala kwenye mti. Kwa hivyo wiki nzima, kila saa ya chakula, nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na jiwe la kunolea mbele yangu. Sikutaka kuuliza mtu, naona haya kuuliza. Nilimwangalia tu Fundi akinoa chake, nikafanya kama yeye: maji kidogo, kisu kimelala, makali yanatazama mbele, unasukuma pole pole. Yeye alisukuma kwa mkono wake na mimi nikasukuma kwa wangu. Ijumaa kilinyoa nywele zote za mkono wangu wa kulia. Mpaka leo mikono yangu hailingani.

Jumatatu iliyofuata Mama akasema tukijaribu kisu kabla ya kupoteza miche yake kumi. Fundi akachukua kijiti cha mwembe, akachonga. Kikatoka na bonde. Akakodoa macho, akachonga kingine. Bonde. Kisu kilizama kwenye mti, kisha kikaruka juu kama kimetekenywa.

"Ni mkono wako," Dada akasema, akakinyakua. Akachonga. Bonde kubwa zaidi. "Haiya! Nilisema mimi! Hii ni bati. Wameuza bati na mpini!"

"Na ting yangu?" Fundi akauliza kwa huzuni.

"Ting yako peleka kwaya."

Mama naye akajaribu, polepole, ulimi ukiwa kwenye kona ya mdomo. Halafu akafanya kile anachofanya siku zote akipima kazi ya mtu. Alilaza mkato juu ya kioo cha simu yake, akainua simu mpaka usawa wa jicho, akatazama kama mwanga unapita katikati. Ulipita. Hata mimi niliuona nikiwa nimesimama mbali.

"Kijana, rudisha hiki Thika," akasema. "Hakifai."

Niliona ile miche saba ikiondoka, na meza, na uzi. Mkono ulikuwa mfukoni na ulikuwa umeshika kile kipande cha njano kwa nguvu. Sijui maneno yalitoka wapi.

"Wacha nikate kimoja. Kimoja tu. Halafu nitajaza udongo."

"Si ukate," Dada akasema. "Vijiti viko vingi, hata mbuzi tunazipatia."

Nikashika kisu. Nikaweka kijiti kwenye kidole, nikavuta. Kisu kilipita. Sijui niseme vipi, kilipita kama mtu anayeijua njia ya kwao. Nikageuza, nikavuta tena. Kabari ikatoka, nyeupe, imenyooka.

Mama akailaza kwenye kioo cha simu na kuinua. Akafuta kioo kwa leso na kuinua tena.

"Rudia."

Nikarudia. Hakuna mwanga. Nikachonga cha tatu na cha nne, na sasa nilikuwa natabasamu na siwezi kuacha, mashavu yaliniuma. Fundi akaniomba kisu, akachonga chake: bonde. Akanipa, nikachonga: bapa. Dada akakipokea: bonde. Kikazunguka meza hivyo, bonde, bapa, bonde, bapa, na kila mtu akiongea kwa wakati mmoja. Fundi alisema kisu kimerogwa. Dada alisema kisu kimenipenda na sasa nikilipe mahari.

Mama ndiye aliyekichukua na kukigeuza kwenye mwanga. Alikiangalia, akaangalia chake, akaviweka viwili pamoja.

"Umenoa kwa mkono gani?"

Nikainua wa kushoto.

"Ngai!" Akakaa kwenye kiti. "Makali yako upande ule mwingine. Hiki ni cha mashoto. Si kwamba ni kibaya. Ni sisi hatukiwezi." Kisha akawageukia wale wengine. "Na ninyi miaka miwili mnamwazima visu vya mkono wa kulia na mnamcheka!"

"Mama," Dada akasema polepole, "cha kwanza kuazimwa kilikuwa chako."

Mama alicheka mpaka akavua kitambaa cha kichwa. Mimi nilicheka nikiwa nimeinama, maana machozi mawili yalitoka na sikutaka yaonekane. Mikono yangu haikuwa ya sepetu. Ni visu tu vilivyokuwa vinatazama upande mwingine.

Nilipandikiza miche yangu kumi siku hiyo hiyo. Kwa kuwa sikuwa na haki ya uzi bado, tuliifunga majani makavu ya mgomba kuwa alama yangu. Kisha nikangoja. Kila asubuhi nilifika kabla ya wengine na kuitazama, mpaka Fundi akasema miche itaona aibu kuchipuka nikiwa nimeikodolea hivyo.

Wiki ya tatu mmoja ukatoa kichipukizi chekundu, kidogo kama ncha ya penseli. Nikaruka kwenye njia ya maji na kuteleza. Wiki ya nne ikawa sita. Mitatu ilikuwa imekauka wazi, hiyo sikuitetea. Uliobaki mmoja, wa saba, ambao ndio kwanza ulikuwa unavimba penye jicho. Na huo, asubuhi ya siku ambayo Mama alisema angehesabu, tulikuta umeliwa. Mbuzi wa jirani alikuwa amepita kwenye ua, na katika miche yote ya kitalu kizima akachagua ule. Kilibaki kisiki cha kijiti, urefu wa kidole.

"Sita," Mama akasema.

"Saba!" Fundi akapaza sauti. "Mbuzi hali kijiti kikavu. Amekula kwa sababu kilikuwa kimechipuka! Huyo mbuzi ni shahidi."

"Muite basi aape," Mama akasema.

Ajabu ni kwamba Dada ndiye aliyenitetea zaidi. "Mama, ile mitatu iliyokauka iko pale, mbona hakuigusa? Mbuzi hana haja ya kumpendelea mtu."

Mama akatuangalia sote. Halafu akachuchumaa, akafungua ule ukanda wa nailoni taratibu, mzunguko baada ya mzunguko. Mimi sikuangalia. Niliangalia ndoo. Nikasikia akisema, "Hebu njoo."

Pale kijiti kilipokutana na shina palikuwa pamefura kidogo, pamefungana, kijani. Akakivuta kile kisiki kwa vidole viwili. Hakikutoka. Akakivuta tena kwa nguvu, mche wote ukataka kung'oka na udongo wake, na bado hakikutoka.

"Saba," akasema. "Unataka rangi gani?"

Nilitoa kipande changu mfukoni. Kilikuwa kimechakaa na kunuka mafuta ya kupikia. Mche wa kwanza kuufunga uzi ulikuwa ule ulioliwa na mbuzi. Upo mpaka sasa, umetoa kichipukizi kingine ubavuni, na hauuzwi.

Sasa nakaa mezani, upande wa mwisho, ili kiwiko changu kisigombane na cha Fundi. Kisu kimepata doa jeusi la utomvu wa mwembe na ulimi umepungua kidogo kwa jiwe. Mjadala haujaisha. Dada bado anasema ni bati, ila ni bati lenye bahati. Fundi bado anakipiga kucha kila asubuhi. Ting. Hakuna anayekiazima kwangu, na hilo linanifurahisha kuliko inavyofaa.

Nimeandika hii kwa jioni nne. Wewe uliyefika hapa, ukiwa unatumia mkono wa kushoto, niandikie uniambie unanoa upande gani, na ni kitu gani walikuambia huwezi. Kama unatumia wa kulia, niandikie pia, uniambie kisu chako ni chuma au ni bati. Usijali mwandiko. Ninasoma polepole, na nitajibu polepole.