Rundo la Majibu Yasiyohusu

Swali letu lilikuwa moja tu: kwa nini hutumii vichanja vya kuanikia dagaa? Tuliwauliza kina mama wa Igogo ambao walikuwa bado wanaanika chini, mchangani na juu ya mawe ya milangoni, ilhali mradi wetu ulishawajengea vichanja vizuri vya wavu upande wa pili wa mwalo, ule ufuko wa kushushia samaki. Bosi alitaka ripoti ifikapo Jumatatu. Kama hawavitaki, vingeng'olewa vipelekwe mwalo mwingine, na wao wabaki na dagaa wa mchanga, wale ambao mteja anatafuna mmoja, anatema, anaondoka.

Kupanga majibu nilipewa mimi, kwa kuwa nahesabu kila kitu mara mbili, hata pipi za msibani. Nikatenga marundo: wanaosema vibovu, wanaosema vichache, wasiovipenda. Rundo la nne nikaliandika "Hayahusu". Nikahesabu: thelathini na nane. Nikarudia: thelathini na tisa, karatasi moja ilikuwa imenata chini ya kikombe cha chai. Ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote.

Mwenzangu wa meza, mwalimu mstaafu aliyesahihisha insha za watoto miaka na miaka, akalivuta.

"Mwalimu, hayo achana nayo. Unamuuliza mtu vichanja, anakujibu mama mkwe anaumwa."

"Na wewe ukiuliza bei, muuzaji akakwambia mzigo umetoka mbali, hajakujibu?"

"Kanijibu. Hapunguzi."

"Haya, nyamaza nisome."

Akasoma yote kwa sauti, bila kuruka hata moja. Mtoto wa chekechea anarudi saa sita. Mama mkwe hawezi kuinuka. Maharage yako jikoni. Alipomaliza akanitazama kama mwanafunzi wa dawati la nyuma.

"Dagaa wakiwa wanakauka, hawa wanakuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na vichanja viko wapi?"

"Upande wa pili wa mwalo."

Hapo nikaelewa. Dagaa hawaachwi peke yao. Kuna kunguru, kuna mbuzi, kuna mvua ya ghafla kutoka ziwani. Ila kwetu mtu hakatai zawadi mbele ya aliyeileta. Kwa hiyo walitusimulia siku yao nzima, kwa adabu, na mimi nikaiweka pembeni.

"Basi tuandike vihamishwe," nikasema.

"Utawaamulia tena? Twende tukawaulize."

Jumamosi tukaenda. Nimebishana na wauzaji kuanzia Buhongwa hadi Buswelu, lakini sijaona mtu anayejua kusubiri kama mwalimu yule. Aliuliza, akakaa juu ya jiwe la mlangoni akisubiri, hadi mama mmoja akaropoka: "Shida ni kule mbali, mwalimu! Vileteni hapa karibu na nyumba zetu, tutapeana zamu za kulinda." Wenzake wakaitikia kwa pamoja.

Jumatatu bosi alisoma, akauliza nani kagundua sababu. Nikamnyooshea kidole mwalimu.

"Wamesema wenyewe," akajibu. "Tutafutie fundi, kabla mvua hazijaanza."

Alhamisi fundi alikuwa Igogo anachimba mashimo ya nguzo za vichanja karibu na nyumba, na kina mama wanamwelekeza.