Chumvi ya Daktari

Kabla sijakatwa ulimi, hakuna harusi kijijini kwetu Lusu iliyoanza bila mimi. Kigelegele changu kilitoka kanisani kikavuka majaruba ya mpunga, mbuzi wakakata kamba. Nilijiapiza kwamba siku Advera, binti yangu wa pekee, anaolewa, nitapiga kimoja mpaka wakwe wazibe masikio.

Kidonda kilianza pembeni mwa ulimi, pale ninapofutika ugoro. Nikakiita jino. Huku kwetu kila kinachouma mdomoni ni jino. Nikang'olewa mawili mazima, kidonda kikabaki pale pale. Mwezi wa tatu mganga wa zahanati akanipa barua, akasema mume wangu anisomee. Mimi darasa sikuliona hata kwa nje. Nilikuwa nachunga ng'ombe wa baba.

Mume wangu, Ngollo, aliigeuza ile karatasi mara mbili.

"Inasemaje?"

"Usukutue maji ya chumvi, asubuhi na jioni. Na uache kulialia, mpunga unataka palizi."

Nikasukutua. Jamani, nilisukutua! Kama chumvi ingekuwa dawa, leo ningekuwa na ndimi mbili.

Mwezi wa nane nilikwenda Tabora mjini kununua vitenge vya harusi. Nikapita duka la dawa Isevya, labda wana chumvi kali zaidi. Muuzaji, binti mmoja aitwaye Thuraya, ushungi wa zambarau, akaniamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Nipe chumvi ya daktari, hiyo iliyoandikwa hapo."

Nikampa barua, akaisoma. Akairudia.

"Mama, nani alikusomea hii?"

"Mume wangu."

"Anajua kusoma?"

"Anasoma Injili kanisani mpaka watu wanatoa machozi."

"Hapa hamna chumvi. Unatakiwa hospitali kubwa Mwanza, haraka, wakupime saratani. Na hii ni ya mwezi wa tatu, mama yangu!"

Nilikaa juu ya katoni la dawa nikacheka. Nilicheka mpaka Thuraya akaniletea maji, nikamwuliza kama yana chumvi, nikacheka tena. Miezi mitano najikausha kama samaki!

Lusu sikurudi. Wanawake wa kanisani kwetu walinichangia nauli, wakaituma kwa simu, Thuraya mwenyewe akanipandisha basi. Daktari wa Mwanza aliniambia taratibu kwamba ningekuja ile tarehe ya barua, angekata kipande kama punje ya kunde. Sasa anakata nusu.

"Kata," nikasema, "ila uniachie cha kumtukania mtu."

Akageukia dirishani, mabega yanamtikisika.

Harusi ikasogezwa mpaka mwaka uliofuata. Ngollo alikaa mbele na suti yake, baba wa bibi harusi. Advera alipoingia watu wote wakanigeukia. Nikafungua mdomo. Kilichotoka si kigelegele, ni kanga wa porini aliyekaliwa. Kwakwakwaa! Mate yakamrukia mzee wa kanisa.

"Nyamaza, mwanamke, unatuaibisha," Ngollo akanong'ona.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikatoa kikombe cha maji ya vuguvugu, chumvi vijiko vitatu, nikamwekea mbele ya wakwe.

"Thukutua, baba Advera. Athubuhi na jioni. Barua imethema."

"Barua gani?" akauliza baba wa bwana harusi.

Nikaeleza yote, kwa nusu ulimi, na hakuna aliyekosa neno. Ngollo akachukua kofia yake akatokea mlango wa nyuma.

Jirani yangu Zuwena akaruka juu. "Mayu Kabula, mama yetu, hebu rudia kile cha kanga!"

Nikarudia. Wanawake wote wakaitikia vile vile, kwakwakwaa, mate yanaruka, wazee wanajifunika kofia. Advera, ambaye ndiye anayeniandikia haya, alicheka mpaka shela ikamdondoka.

Siku hizi Lusu harusi inafunguliwa hivyo, na mimi ndiye ninayeanza. Nusu iliyobaki inanitosha. Ile nyingine bado sijamsamehe Ngollo.