Kitanda changu cha mabua ya mpunga kilivyoliwa na ng'ombe ukweni, Kamsamba

Wakuu, heshima kwenu. Hii si chai. Mama watoto amekaa hapa pembeni anasoma ninavyoandika, nikitia chumvi atanishika.

Miaka ya Ujamaa, mimi kijana wa Ihanda, kule milimani, nilichumbia binti wa Kamsamba. Kwetu enzi hizo mchumba anafanya kazi ukweni kwanza. Baba yake akanipa kulinda mpunga bondeni mpaka uvunwe. Ng'ombe wakiula, hakuna harusi. Alisema mbele ya watu.

Pa kulala ni dungu, yaani kichanja cha miti juu ya maji, kimetandikwa matete makavu. Basi.

Mtasema Kamsamba ni joto. Ndiyo, mchana. Lala juu ya maji mwezi wa sita uone baridi inavyopanda kutoka chini. Blanketi unajifunika juu, mgongo unabaki yatima.

Godoro? Tulikuwa sawa wote, isipokuwa mwenyekiti wa kijiji.

Sisi watu wa milimani baridi tunaijua bwana. Nikachukua mabua ya mpunga kwa jirani aliyetangulia kuvuna, nikayaanika, nikashindilia tabaka nene mpaka yakaning'inia pembeni. Nikajiona injinia. Nikawahurumia na wenyeji, miaka yote wanalalia matete.

Kwa nini matete? Hilo sikujiuliza.

Mama mkwe aliona. Lakini kwa mila hasogelei kitanda cha mkwewe, wala hasemi naye uso kwa uso. Akasimama mbali, akaliambia jembe lake kwa sauti, "Jembe wee, mwaka huu ng'ombe wameandaliwa karamu."

Nikadhani mama ana mambo yake na jembe.

Usingizi wa siku hiyo sijawahi kuupata tena. Nimekuja kushtuka kumekucha, kitanda kinatembea! Ng'ombe wamelizunguka dungu wanavuta mabua, matete ya chini hawayagusi, mmoja anatafuna karibu na sikio langu. Mti ukachomoka, nikatua kwenye tope mtupu, bila hata blanketi. Nikapiga yowe.

Ukoo mzima ukaja. Mama mkwe mbele na fimbo, akafukuza ng'ombe, ndipo akaniona. Akajifunika kanga usoni. Kwa kuonwa vile na mkwe, kwa mila nikatozwa kuku. Nianguke mimi, kuku nitoe mimi.

Wakuu, nililia. Nilijua binti ndiyo kaenda.

Baba mkwe akalizunguka shamba, akarudi.

"Mpunga haujaguswa hata suke. Wameshibia kitanda."

Akanitazama pale kwenye tope.

"Kijana, aliyelinda ni kitanda. Wewe ulikuwa umelala. Ila kitanda hakioi, kwa hiyo utaoa wewe kwa niaba yake."

Funzo: ukifika ugenini, kabla hujamhurumia mwenyeji, muulize kwa nini analalia anachokilalia. Na mkwe akiongea na jembe, sikiliza.

Mliooa mbali, shusheni na yenu hapo chini.

Mama watoto amemaliza kusoma. Anasema chumvi hakuna, ila niongeze kwamba nililia sana.