Nyumba Iliyoambiwa "Nakuja"

"Sikuja kuombwa subira," alisema Mama Lipu. "Subira ninayo nyumbani, imejaa mpaka uvunguni mwa kitanda. Nimekuja kusema kwamba nyumba ya mdogo wangu inaniangukia, na wewe ndiye unayelishwa na mtaa huu kwa kazi ya kuta."

Aliyekuwa akiambiwa maneno hayo aliitwa Sikio na kila mtu, hata na mkewe. Kazi yake ilikuwa kusikiliza kuta za mtaa na kuamua magomvi yaliyoletwa na kuta hizo. Alikaa nyuma ya meza iliyokatika mguu, ameitegemeza kwa goti lake, kwa hiyo hata angetaka kusimama kwa hasira asingeweza.

"Malalamiko yako tumeyapokea, mama."

"Mliyapokea mara ya kwanza, mkayapokea mara ya pili. Sasa yamekuwa wenyeji humu ndani kuliko wewe."

Kwenye benchi alikuwapo muuza mkaa, jirani yao, aliyekuja na shida yake mwenyewe. Akaguna kwa kicheko. "Mpe haki yake, Sikio, na sisi tupate zamu."

"Haki ipi? Mwenye nyumba yu hai. Kaenda kuuguza mkwe. Wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia."

Ni kweli Mama Lipu aliwaambia mtaa mzima kwamba wifi yake, mke wa mdogo wake huyo, kaitwa ghafla, mama yake anaumwa, watarudi akipata nafuu. Aliwaambia hivyo kwa sababu ndivyo alivyoambiwa.

Muuza mkaa akamtazama kwa jicho la pembeni. "Huyo mgonjwa alihitaji na kabati? Mimi niliwaona wakipita. Jiko, kabati, mpaka kamba ya kuanikia nguo. Labda alikuwa anaumwa vyombo."

"Shughulika na mkaa wako."

"Mkaa wangu haujahama, shoga."

Sikio akaitoa meza gotini, ikainama kama inasujudu, akasema haya, twendeni tukasikilize.

Jiji lile lilijengwa kwa jiwe la mlimani, na jiwe la mlima ule lilikuwa na masikio. Nyumba ilishika neno la mwisho aliloliacha kizingitini mtu aliyefunga mlango, ikatii kama ilivyoambiwa. Ikiambiwa kwaheri, inalala. Kuta zinalegea, zinashuka taratibu kama mtu anayekaa chini baada ya kazi nzito, na kabla jua halijazama pamebaki vumbi laini, hakuna aliyeumia. Ikiambiwa nakuja, inasubiri. Zamani hilo halikumsumbua mtu. Nani hajatoka nyumbani akasema nakuja? Unakwenda kisimani huku unasema nakuja, unakwenda kwa jirani kusengenya huku unasema nakuja, na kweli unarudi kabla chakula hakijapoa.

Shida ilianza visima vilipokauka na watu wakaanza kuhamia bondeni kwenye mto. Waungwana waliziaga nyumba zao, zikalala, na mitaa ikabaki na mapengo kama kinywa cha bibi kizee. Lakini walikuwapo wajanja. Walifunga mlango wakasema nakuja, wakaenda zao, ili bondeni kukiwashinda wakute paa limesimama. Nyumba inayosubiri bila watu haina nguvu ya kujisimamia. Inaegemea ya jirani yenye watu, kama mlevi na rafiki yake, na mwisho wake unaujua, wote wawili mtaroni.

Mama Lipu alizijua kuta hizo tangu hajajua kufunga kanga. Baba yake alikuwa mwashi, na alipopata watoto wawili tu, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, aliwajengea nyumba mbili kwa ukuta mmoja, mgongo kwa mgongo. "Mkigombana," alisema, "mtasikiana." Mama yao alipokufa, dada ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni huku anachekecha chokaa. Ndiyo maana mtoto yule alikua na chafya zisizoisha. Kazi ya lipu akairithi yeye, mwanamke, kwa kuwa mdogo wake mikono yake ilikuwa miepesi kwenye sahani tu. Alipiga lipu nyumba za mtaa mzima. Viganja vyake vilipasuka kwa chokaa vikawa kama kisigino, na alipokushika mkono ulihisi umesalimiwa na tofali. Mdogo wake alipooa, alimwachia nyumba kubwa kati ya zile mbili, yenye dirisha la barabarani. "Mimi dirisha la nini?" alisema. "Habari za watu nazipata hata gizani."

Na wifi aliyeletewa alikuwa mshonaji, mcheshi, mwenye ulimi wa kulingana na wake. Wawili hao walitukanana kwa mapenzi kutwa kucha kupitia ukuta. "Wifi, ugali wako unanukia moto." "Afadhali wangu unanuka, wako hata nzi ameususa." Watu wakipita walidhani wanagombana, kumbe ndiyo salamu.

Bondeni kulipoanza kuita watu, binti yake Mama Lipu alikuja kumchukua. Alikuwa ameshaolewa huko, ana chumba cha ziada na mkwe asiye na maneno. Jioni hiyohiyo mdogo wake akaja akakaa kizingitini, akasema, "Dada, sisi hatuendi popote. Wakiondoka wote, tutabaki wewe na sisi." Basi Mama Lipu akamwambia binti yake aende salama. Binti alilia. Yeye hakulia, alikuwa na mdogo wake.

Sasa Sikio alikuwa amepiga magoti kwenye kizingiti cha nyumba kubwa, sikio jiweni, mdomo wazi. Muuza mkaa naye alikuwa ameifuata shida isiyo yake, kapu kichwani. Ukuta wa nyumba ulikuwa umeinama waziwazi, na upande wa Mama Lipu ufa ulishuka kutoka darini hadi sakafuni. Alikuwa ameuziba mara nyingi, nao ukafunguka tena kila mara.

"Imeambiwa nakuja," Sikio akasema. "Tena sauti ya kike."

"Sogea."

Akapiga magoti mwenyewe. Jiwe lilikuwa baridi, na ndani yake, kwa mbali, kulikuwa na sauti ya wifi yake ikilivuta lile neno mwishoni kama alivyolivuta siku zote. Nakujaa. Mama Lipu akabaki ameinama. Alikuwa ameisikia sauti hiyohiyo asubuhi ile walipoondoka. Alikuwa uani anachekecha chokaa, wifi akapita nyuma yake akasema, "Wifi, mama anaumwa, nakuja." Naye, bila kuinua kichwa, akajibu, "Usichelewe."

"Mama," Sikio akasema, na mara hii hakukuwa na uofisi katika sauti yake. "Neno hutenguliwa na kinywa kilicholisema. Mimi siwezi kuiaga kwa niaba yao. Ila ushauri nitakupa. Iage ya kwako, nenda kwa binti yako. Hiyo yao itakosa pa kuegemea, itaanguka yenyewe, na hakuna atakayekulaumu."

"Ianguke juu ya nani? Hapo chini wanapita watoto wa watu." Akajifuta vumbi magotini. "Na baba yangu hakujenga nyumba ife kwa kuporomoka. Nitakwenda huko bondeni nikamlete mwenye kinywa."

Alifika bondeni jua la utosi. Nyumba za huko zilikuwa za mbao, hazisikii kitu, unaweza kuitukana nyumba mchana kutwa na usiku ikakuhifadhi. Mdogo wake alikuwa uani amekaa kwenye kigoda, anatengeneza mpini wa jembe. Alipomwona, akakisogeza kile kigoda nyuma kidogo, kama mtu aliyekaa pasipo pake.

"Karibu, dada."

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Mgonjwa gani?"

"Basi amepona. Mungu mkubwa."

Mdogo wake akaushughulikia mpini. Ndani, mlangoni, wifi alikuwa amesimama na kikombe cha maji ambacho hakujua kama atoke nacho au arudi nacho.

"Sikuja kugombana," Mama Lipu akasema, ingawa alikuwa amegombana naye njia nzima, peke yake. "Nipe mkeo anifuate. Aiage nyumba, ilale, nizibe ufa wangu. Mkitaka kuishi huku, ishini, mna haki."

"Dada, tukiiaga imekwisha. Mambo ya huku hatujayajua kama yatashika. Tukirudi tutaingia wapi?"

"Na yangu ikianguka, mimi nitaingia wapi?"

"Yako haiwezi kuanguka. Yako ina mtu."

Alilisema kwa upole, kama anayemsifu. Mama Lipu akamtazama.

"Hebu lirudie."

"Si wewe ndiye fundi? Unajua kuliko mimi. Nyumba isiyo na watu lazima iwe na pa kuegemea. Ungejua tunaondoka, ungekuja na sisi. Tukaona... tukaona tusikusumbue."

Kuku akapita kati yao. Mama Lipu akamngoja apite.

"Kwa hiyo mlipokuwa mnafunga mizigo, mlinihesabu pamoja na nguzo."

"Usiseme hivyo, dada."

"Nisemeje? Na ile jioni uliyokaa kizingitini kwangu, ukaniambia hatuendi popote, nikamrudisha mwanangu analia. Ile ulikuja kunipima kama nimesimama wima?"

Mdogo wake akachukua mpini akaukagua, na mpini haukuwa na kosa lolote. Mama Lipu angemwelewa kama angekimbia. Watu hukimbia. Angeelewa hata uongo wa mgonjwa, uongo wa kuona haya. Lakini hawa hawakumsahau, walimfikiria sana. Walikaa chini mume na mke wakamfikiria, wakakubaliana jinsi atakavyowafaa.

Wifi hatimaye akatoka na kile kikombe. "Wifi, kunywa maji kwanza."

"Maji yenu mengi," Mama Lipu akasema. "Ya kwetu kidogo yananitosha."

Akarudi na kiu yake.

Siku zilizofuata hakwenda tena ofisini kwa Sikio. Muuza mkaa alipita akamkuta amesimamisha mihimili mitatu chumbani, analala katikati yake kama mgonjwa kwenye machela. Hakumtania. Alimwachia mkaa kidogo, akasema ulikuwa umelowana, hauuziki, na haikuwa kweli.

Asubuhi moja Mama Lipu alikuwa anapiga kabari chini ya mhimili aliposikia mtu anakohoa nje. Kikohozi cha kujulisha, si cha ugonjwa. Wifi alikuwa barabarani, kilemba kimekaa upande, miguu imejaa vumbi.

"Mumeo anajua?"

"Anajua niko sokoni."

"Sokoni bila kikapu. Hata kudanganya umesahau, na ulikuwa stadi."

Wifi akameza. "Nimestahili. Utanitukana kwanza au niiage kwanza?"

"Iage. Matusi hayaozi."

Sikio akaitwa, maana hairuhusiwi kuiaga nyumba bila yeye. Akawafukuza watoto barabarani, akahakikisha Mama Lipu hayumo ndani. Wifi akapiga magoti kizingitini, akaweka mkono jiweni. Alifungua kinywa kikatoka kilio badala ya neno.

"Sema sawasawa," Mama Lipu akamwambia kutoka ng'ambo ya barabara. "Jiwe halielewi kamasi."

"Siji tena," wifi akasema. "Kwaheri. Pumzika."

Mwanzoni hakuna kilichotokea. Halafu lile dirisha la barabarani likashuka kidogo, kama jicho la mtu anayesinzia. Mama Lipu alilipiga lipu mwenyewe lile dirisha, pembe zake zote, wiki ya harusi. Wakasimama wote wanatazama. Paa likakaa juu ya kuta, kuta zikakaa juu ya msingi, na alasiri ilipopoa pale palikuwa na vumbi jeupe na mlango umelala juu yake. Ukuta wa kati ulibaki, kwa kuwa upande wake mmoja ulikuwa na mtu. Ulikuwa umenyooka. Upande uliokuwa wa mdogo wake ulikuwa nje sasa, barabarani, na rangi yake ya chumbani, misumari ya kutundikia nguo, na doa la mafuta pale wifi alipozoea kuegemeza kichwa akishona.

Sikio akagonga ukuta kwa kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake.

"Wifi," yule mshonaji akasema, "utanisamehe?"

"Hilo kubwa. Hilo sijui, na usiniulize leo." Mama Lipu alikuwa anaupapasa ukuta, anatafuta pa kuanzia kazi. "Lakini kuna dogo unalodaiwa."

"Lipi?"

"Asubuhi ile hukuiambia nyumba peke yake."

Wifi alichukua muda kuelewa. Kisha akajaribu kutabasamu, kwa mazoea ya zamani. "Si nimekuja?"

"Umekuja kwa nyumba."

Tabasamu likamfutika. Akasogea akasimama mbele ya Mama Lipu, karibu kabisa, kama alivyosimama mbele ya kizingiti, na alionekana anatafuta neno jingine, refu, la kulizungushia hili. Hakulipata.

"Siji tena, wifi," akasema. "Kwaheri."

Mama Lipu alimtazama usoni, maana mara ile ya kwanza hakuinua kichwa.

"Kwaheri," akajibu. "Hilo umelipa."

Akaingia ndani kuchanganya chokaa.