Niliulizwa Kama Namjua

Ijumaa iliyopita tumemzika hapa mjini Sib mzee ambaye wengi wenu mlikuwa mkisalimiana naye sokoni. Baada ya kumsalia, imamu aliuliza, kama ilivyo desturi yetu tuliotoka Unguja: "Mwamshuhudiaje marehemu?" Sauti yangu ilizipita zote: "Mtu mwema!" Pale pale nikaona haya, nikainamisha kichwa. Leo nakuambieni kwa nini.

Alifika Maskati miaka miwili baada ya Mapinduzi, na sanduku moja. Mkewe na mtoto mchanga aliwaacha Mombasa kwa jamaa. Siku hizo, kabla ya Sultani mpya kubadilisha mambo mwaka wa sabini, yeye hangeweza kuwaleta mpaka shekhe wa kabila amkiri kuwa ni wa kwao, na shekhe alitaka shahidi. Mimi nilikuwa nimemtangulia mwaka mmoja. Nilikuwa mwandishi wa barua wa shekhe huyo, nimeshajifunza kuvaa na kuketi kama wenyeji, na Kiswahili nakisema chumbani na mke wangu tu.

Akaingia barazani. Kiarabu chake kilikuwa cha chuoni, cha kusomea si cha kusemea. Akaletewa kahawa. Huku usipokitikisa kikombe unapokirejesha, mwenye dele la kahawa hukutilia tena. Yeye hakujua, na kukataa aliona ni utovu wa adabu. Akanywa cha tatu, cha tano, cha nane, jasho linamtoka, na watu wakaanza kucheka. Ningetikisa changu tu mbele yake angeelewa. Nikacheka nao.

Shekhe akanigeukia. "Huyu wamjua?"

Nisimjue vipi! Nyumba yao na yetu ziligawana ukuta, na mama yake ndiye aliyeniuguza nilipougua surua. "Nimepata kumwona," nikajibu kwa Kiarabu changu kipya. "Asili yake siijui."

Hakunikadhibisha. Tulipokuwa nje tunavaa viatu, aliniambia kwa Kiswahili: "Wallahi sikulaumu, ndugu yangu. Khofu nnaijua. Lakini mke wangu nimwandikie nini?" Nilikuwa natazama nyuma, nisije nikasikiwa nikizungumzishwa lugha ile.

Bila kukiriwa, akaenda Qurayyat, mji wa pwani, akawa anapaka nyumba chokaa, miaka minne. Mkewe alipowasili hatimaye, yule mtoto alimpa baba yake mkono kwa adabu, akamwita "ami".

Nimejitetea sana moyoni. Kule tulifukuzwa kwa kuwa Waarabu, huku tukachekwa kwa kuwa Wazinjibari, na aliyetangulia kupata mkeka alichelea kusogea ampishe mwenziwe. Siku hizi Kiswahili chetu twakisema kwa maringo harusini, na vijana hudhani ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Husemwa kuwa asiyekujua hakuthamini. Mimi nilimjua.

Katika miaka yote iliyofuata hakulitaja neno lile hata mara moja, na mimi sikumwomba radhi. Kila Idi nilijiambia mwaka huu. Matangani, yule mtoto, sasa ana ndevu za mvi, alinimiminia kahawa akaniuliza, "Ami, kumbe wewe na baba mwajuana tangu Unguja?"

"Nnamjua," nikasema, na kikombe nikasahau kukitikisa.

Mtu ashuhudiwe angali hai, amesimama mbele ya wanaomcheka, siku ambayo kusema namjua kuna gharama. Ushahidi wangu wa Ijumaa haukunigharimu kitu, na mwenyewe hakuuhitaji tena.